Likizo ya Jasho: Jinsi Tulivyochagua Safari ya Sri Lanka

Ukishaamua kwamba likizo yako haitakuwa ya kulala ufukweni, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: mwezi utakapofika, wenyeji watakuwa wanafanya nini kwa miguu na mikono yao, na je, kuna nafasi ya mgeni kufanya nao? Mimi na wifi yangu tuliijenga safari yetu yote ya Sri Lanka juu ya swali hilo. Mtu akiniomba ushauri leo juu ya safari ya nchi ya joto, iwe huko au kwingine, hapo ndipo ninapoanzia. Vivutio vina namna ya kujipanga vyenyewe baadaye.

Wifi ni mwalimu wa sekondari. Likizo yake ndefu huja Desemba au Juni, basi. Kwa hiyo kabla ya kuangalia hoteli, nauli au picha, tulikaa na kalenda na ramani ya pepo. Sisi wa pwani tunazijua kusi na kaskazi, na Sri Lanka inaishi kwa pepo hizo hizo. Kusi ikishavuka ikweta hugeuka ikaingia kisiwani ikitokea kusini magharibi, na kuanzia Mei hadi Septemba humwaga mvua upande huo na kwenye miteremko inayoutazama. Milima ya katikati huizuia, mashariki kukabaki kukavu. Desemba hadi Februari mambo hupinduka: upepo hutoka kaskazini mashariki, mvua ikahamia mashariki na kaskazini, na fukwe za kusini magharibi zikapata jua. Kisiwa hicho hakifiki kilomita 450 kutoka ncha hadi ncha, lakini kina misimu miwili tofauti kwa wakati mmoja. Mtu akikuambia "msimu mzuri wa Sri Lanka ni mwezi fulani", muulize upande gani.

Kalenda ilitupunguzia mzigo mkubwa. Arugam Bay, ambako wapanda mawimbi wa dunia nzima hukimbilia, mawimbi yake ni ya Aprili hadi Oktoba. Tembo wa hifadhi ya Minneriya hukusanyika kwa wingi Agosti na Septemba, bwawa linapopungua maji na majani mabichi kuota kwenye matope. Esala Perahera, maandamano makubwa ya mji wa Kandy yenye tembo waliovishwa mavazi na wacheza ngoma kwa mamia, huwa Julai au Agosti. Vyote hivyo vilikuwamo kwenye ratiba tulizotumiwa na mawakala, kama vile mwaka mzima ni siku moja. Tulivifuta. Na pale tulipovifuta ndipo kilichobaki kilipojitokeza vizuri: Desemba, mwezi unapokuwa mpevu, msimu wa hija ya Sri Pada hufunguliwa, na huendelea hadi Vesak, sikukuu ya Kibudha ya mwezi wa Mei.

Hapo tukajua safari yetu inasimama juu ya nini.

Sri Pada ni mlima wa mita 2,243, na kileleni pana alama ya unyayo kwenye mwamba. Wabudha husema ni unyayo wa Buddha, Wahindu husema ni wa Shiva, Waislamu wengi tangu zamani wamesema ni wa Adam, alipotua duniani, na wapo Wakristo wanaoutaja kuwa wa Mtume Tomaso. Wote hupanda ngazi zile zile. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la kufurahisha zaidi: Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huu mwaka 1344 na akaeleza minyororo ya chuma iliyowasaidia wapandaji. Nilikuwa na habari hiyo kichwani njia nzima.

Kutoka upande wa Nallathanniya kuna ngazi zaidi ya elfu tano. Watu huanza usiku wa manane ili wawahi jua kileleni. Katika msimu njia huwashwa taa kuanzia chini hadi juu, na vibanda vya chai na maandazi vinakuwa wazi usiku kucha. Nje ya msimu taa huzimwa, vibanda hufungwa, na mlima unabaki wako na tochi yako. Wapo wanaopenda upweke huo. Mimi nasema mtu aliyekuja kutafuta watu asiende wakati watu hawapo.

Tulipanda usiku wa siku ya kazi, maana usiku wa poya, yaani siku ya mwezi mpevu, na usiku wa wikendi foleni husimama kabisa karibu na kilele. Hata hivyo hatukuwa peke yetu hata kwa dakika moja. Familia nzima nzima zilikuwa njiani: watoto wamebebwa mgongoni wamelala, vijana wameshika bibi zao kila upande, kundi moja likiimba ubeti na kundi lililo juu likiitikia. Kwenye kijito cha Seetha Gangula wahiji husimama kunawa kabla ya kuendelea, na maji ni baridi ya kuuma vidole. Mbele kidogo pana Indikatupana, mahali ambapo mapokeo yanasema Buddha alisimama kushona vazi lake. Anayepanda kwa mara ya kwanza huchomeka sindano yenye uzi pale, kisha huukunjua uzi huku akipanda. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetandazwa pembeni mwa ngazi kwa mamia. Mama mmoja alimwona wifi amesimama anatazama, akamkabidhi kibunda chake cha uzi na kumwonyesha kwa mkono: endelea, kunjua. Walipanda pamoja hadi uzi ukaisha, bila kuwa na lugha moja kati yao.

Hicho ndicho ninachokiita kuingia katika utamaduni. Hakikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote, na kisingetokea kama tungekwenda juu kwa gari, kama kungekuwa na gari la kwenda juu. Kilitokea kwa sababu tulikuwa tunahema pamoja na yule mama, kwenye ngazi ile ile, saa tisa za usiku.

Kileleni viatu huvuliwa, na sakafu ya saruji kabla ya alfajiri ni baridi ya kutetemesha. Katika nchi za joto kila ukipanda mita elfu moja unapoteza takriban nyuzi sita, kwa hiyo koti na soksi kavu ni lazima hata kama bondeni ulikuwa unatokwa jasho. Kuna kengele ambayo kila mtu huigonga mara kadiri ya idadi ya safari alizowahi kupanda. Wifi aligonga moja, nami moja. Bibi mmoja aliyetufuata aliendelea kugonga hadi watu waliokuwa karibu wakaanza kumshangilia. Jua lilipochomoza, kivuli cha mlima kilijilaza upande wa magharibi juu ya mawingu, pembetatu iliyochongoka sawasawa, na maelfu ya watu wakasema "saadhu", neno lao la baraka, kwa pamoja.

Neno la mwili: kupanda huchosha mapafu, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Kwa wiki nyingi kabla ya safari tulifanya mazoezi ya kushuka ngazi tukiwa na mkoba mgongoni, na ninaamini hilo lilituokoa kuliko kiatu chochote cha bei. Halafu mwili unahitaji kuzoea joto la unyevunyevu, na huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea sawasawa. Ratiba inayokupandisha mlima siku ya pili baada ya kutua imeandikwa na mtu asiyekuwazia. Sisi siku za mwanzo tuliziweka Kandy, tukitembea asubuhi na kupumzika adhuhuri.

Na Kandy ndiko nilikopata kipimo ambacho nakitumia hadi leo. Jioni mji ule huwa na maonyesho ya ngoma kwa wageni, ya muda wa saa moja hivi, na wachezaji ni mafundi wa kweli. Sina neno baya juu yao. Lakini ndani ya Sri Dalada Maligawa, hekalu linalohifadhi jino linaloaminiwa kuwa la Buddha, ngoma za ibada hupigwa mara tatu kwa siku, alfajiri, asubuhi na jioni, iwe mgeni yupo au hayupo. Tuliingia alfajiri. Tulivaa nguo nyeupe za kufunika mabega na magoti, tukaacha viatu na kofia nje, tukasimama nyuma ya wazee waliobeba maua ya yungiyungi. Wapiga ngoma walikuwa chini ya ngazi, vifua wazi, wameinamisha vichwa, na mlio ulikuwa unapanda kwenye mbao za lile jengo hadi kwenye nyayo zetu. Tangu siku hiyo, nikionyeshwa jambo la kufanya safarini, najiuliza: kama mimi nisingekuja, lingefanyika? Jibu likiwa ndiyo, nalipa nauli kwa furaha.

Kuna mambo ya adabu ambayo ni bora kuyajua kabla. Usiipe sanamu ya Buddha mgongo ili upigwe picha. Usiingie nchini humo na mchoro wa Buddha ukiwa wazi kwenye ngozi yako. Siku za poya, ambazo ni mapumziko ya kitaifa kila mwezi, pombe haiuzwi. Ukizipanga ndani ya safari kwa makusudi utawakuta watu mahekaluni wamevaa nyeupe, badala ya kulalamika kwamba baa imefungwa.

Milima ya Knuckles nitaigusa kwa haraka. Ni misitu mizuri, sehemu ya eneo la Urithi wa Dunia la UNESCO tangu 2010, na Desemba imelowa. Palipolowa pana ruba. Vaa soksi ndefu zilizobana, chomeka suruali ndani yake, na akikung'ang'ania mtelezeshe kwa ukucha, usimvute. Kiongozi wetu, kijana wa kijiji cha jirani, alikuwa anatembea na ndala na kuwatoa kama mtu anayepangusa vumbi.

Mashamba ya chai yanahitaji kuzungumzwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hapa swali langu la mwanzo linapata uzito. Ipo njia ya miguu iitwayo Pekoe Trail, zaidi ya kilomita 300 zilizogawanywa vipande 22, kutoka Hanthana karibu na Kandy hadi Nuwara Eliya, ikipita kwenye barabara za zamani za mashamba. Tulitembea vipande vichache. Uzuri wake hauna ubishi. Lakini wanaoonekana kwenye ile miteremko wakichuma majani mawili na chipukizi wapo kazini, na kazi hiyo ina historia. Mskoti James Taylor alipanda shamba la kwanza la biashara la chai pale Loolecondera mwaka 1867. Ugonjwa wa kutu ya majani ulipoiangamiza kahawa, chai ikashika kisiwa, na Watamili kutoka kusini mwa India wakaendelea kuletwa kuifanyia kazi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1948, sheria ya uraia ya mwaka huo huo iliwaacha wengi wao bila nchi, na haikuwa hadi 2003 ambapo sheria iliwafungulia mlango waliosalia. Mwaka 2021 mshahara wa siku uliinuliwa hadi rupia 1,000, baada ya miaka ya kudai.

Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba tunaweza kuvalishwa sari, kupewa kapu na kupigwa picha tunachuma, wifi alisema, "Wifi, mimi hilo siliwezi." Nami sikuliweza. Kushiriki jasho la mtu ni kitu cha heshima pale naye anapokualika katika jambo lake. Tulichofanya ni kumchukua kiongozi aliyezaliwa kwenye nyumba za safu za shamba mojawapo, kumlipa yeye mwenyewe, na kutembea kwa mwendo wake. Alitupitisha kwa shangazi yake tukanywa chai, akatueleza watoto wanasoma wapi na umbali gani. Na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Margazhi, ambao huanzia katikati ya Desemba, alituamsha kabla ya jua kwenda kovil, hekalu la Kihindu la pale shambani. Kulikuwa na baridi, kina mama wakiimba, watoto wenye usingizi wakipakwa majivu kwenye paji la uso. Baada ya hapo wengi wao walishuka moja kwa moja kazini.

Malazi nayo tuliyachagua kwa kipimo kile kile. Badala ya kubadilisha hoteli kila usiku tulikaa muda mrefu kwa familia moja kijijini, upande wa chini wa Kandy, na ninamshauri kila mtu apunguze vituo ili akae. Siku mbili za kwanza wewe ni mgeni na unaletewa sahani. Ukikaa zaidi unaanza kutumwa. Mama wa nyumba tulimwita Akka, dada mkubwa, kama wanavyoitana wenyewe, na asubuhi ya tarehe mosi Januari tulimkuta jikoni anaandaa kiribath, wali uliopikwa kwa tui ukakatwa vipande, ambao nyumba nyingi huupika mwaka unapoanza. Alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ileile ya kwetu, ya kukalia. Wifi akaomba, akakaa, akaanza kukuna. Akka alimtazama kidogo jinsi anavyozungusha kifuu bila kufika kwenye ngozi ya kahawia, kisha bila neno akamsogezea nazi ya pili. Kuanzia hapo tukawa watu wa jikoni. Tukaonyeshwa kusaga pol sambol, kachumbari ya nazi na pilipili, kwenye jiwe, tukala kwa mkono wa kulia kwenye jani la mgomba, tukapelekwa kwa jirani anayebandua mdalasini: hukwangua gome la nje, hulisugua tawi kwa fimbo ya shaba, halafu huchana utepe wa ndani ukatoka mzima na kujikunja wenyewe unapokauka. Ni kazi ya kitaalamu, na aliniachia nijaribu kwenye tawi jembamba huku ameshika mkono wangu.

Siku moja tuliitenga kwa Sirambiadiya, kijiji karibu na Puttalam, kaskazini magharibi. Huko wanaishi wazawa wa Waafrika walioletwa kisiwani na Wareno, Waholanzi na Waingereza, kama watumwa na kama askari, wengi wao kutoka Msumbiji. Tulituma ujumbe mapema kupitia mtu anayewafahamu, kwa kuwa ni majumba ya watu, na tuliwauliza wanataka mchango wa wageni uendeje. Wana muziki wao uitwao manja, wenye beti fupi za Krioli ya Kireno, lugha iliyochanganyika na Kireno, zinazorudiwa, zikianza taratibu na kuongeza kasi hadi kila mtu yuko juu. Walipiga rabana, yaani ngoma bapa ya mkono, vifuu vya nazi na chupa. Lugha ya nyimbo hizo vijana hawaizungumzi tena majumbani, lakini wanaziimba zote, neno kwa neno. Mama mmoja mzee alitushika mikono akatutazama nyuso kwa muda, kisha akaita wajukuu waje watuone. Alipoinuka kucheza alituvuta wote wawili. Nyonga zake na mabega yake nilivifahamu. Nimecheza hivyo kwenye harusi tangu utotoni, na nilishindwa kuzuia machozi katikati ya ngoma. Wakala yeyote angeniambia Puttalam haina cha kuona.

Mambo ya afya na makaratasi hayana hadithi ila yana umuhimu. Kibali cha kuingia tuliomba kwenye intaneti mapema. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano utaombwa cheti cha chanjo, na chanjo iwe imefikisha siku kumi. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza Sri Lanka kuwa imemaliza malaria, lakini homa ya dengue ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ni ya asubuhi pia.

Wakala tuliyemtumia hatimaye tulimpata kwa kuuliza maswali machache na kusikiliza namna anavyojibu. Kiongozi anatoka eneo lenyewe au anakuja nasi kutoka Colombo? Mvua ikiharibu siku, tunafanya nini? Familia tunayolala kwake inapata kiasi gani cha fedha tunazolipa? Wengine walijibu kwa kututumia picha za bwawa la kuogelea. Huyu alijibu kwa kuuliza magoti ya wifi yakoje.

Sasa wifi ameshaweka ramani ukutani tena, kwa likizo ya Juni. Mvua wakati huo iko kusini magharibi, kwa hiyo zamu hii ni ya kaskazini ya kati na mashariki, ambako kumekauka. Mwezi mpevu wa Juni ni Poson, siku ya kukumbuka kufika kwa mtawa Mahinda na mafundisho ya Kibudha pale Mihintale, na watu huupanda mlima huo kwa ngazi 1,840 za mawe, wengine wakiwa wametembea kutoka Anuradhapura, mji wa kale wa jirani. Ameuliza kama tunaweza kupata baiskeli za kuzunguka magofu ya Anuradhapura asubuhi kabla jua halijawa kali, na kama Akka atakuwa na ndugu wa upande huo. Akka amejibu kwamba ana shemeji mwenye shamba la mpunga kando ya bwawa, na kwamba tuje na mikono.